Maswali ya Wasomaji: Gugu Maji Limeondoka, Mbona Maji Yamegeuka Kijani?

SWALI: Mhariri, salamu. Mimi ni mvuvi wa Ghuba ya Winam, upande wa Kisumu. Gugu maji lilikuwa limeziba ufuo wetu hata mitumbwi ikashindwa kutoka, tukashirikiana kuling'oa na kulirundika kando ya maji. Haukupita muda mrefu, maji yakageuka kijani kizito chenye harufu mbaya. Sasa baadhi ya wenzangu wanadai kwamba gugu lilikuwa likilisafisha ziwa na tusingeligusa. Je, ni kweli?
Mvuvi, Kisumu

JIBU: Ndugu msomaji, wenzako wameshika nusu ya ukweli. Gugu maji huelea, na mizizi yake mirefu yenye manyoyanyoya hufyonza fosforasi na naitrojeni moja kwa moja kutoka majini, huku majani yake yakiukinga mwanga usiwafikie mwani walioko chini, yaani vile viumbe vidogo mno vinavyoyapa maji rangi ya kijani. Mlipoliondoa, mwanga uliingia ghafla katika maji ambayo bado yalikuwa na virutubisho tele, na mwani wakavitumia. Kwa maneno mengine, mlimwondoa mlaji mmoja na chakula kikabaki palepale kikimngoja mwingine.

Chakula hicho hutoka wapi? Mto Nyando hupita katika ukanda wa miwa wa Muhoroni na Chemelil, na kila mvua kubwa inaponyesha huleta ghubani tope jekundu ambalo chembe zake zimeshikamana na fosforasi. Maji taka ya mji nayo huongeza sehemu yake. Zaidi ya hayo kuna suala la kina. Ziwa Viktoria lina kina cha wastani wa mita 40 hivi, hali sehemu kubwa ya Winam haifiki hata mita 10, na kwa hiyo upepo wa alasiri unatosha kulikoroga tope la chini na kuvirudisha juu virutubisho vilivyokwisha kutulia. Hata mito ingesafishwa leo, tope hilo lingeendelea kuwalisha mwani kwa miaka.

Nusu ya pili ya ukweli, ambayo wenzako hawakuitaja, ni kwamba blanketi la gugu huyanyima maji hewa. Chini yake oksijeni hupungua mno, ngege na mbuta hukimbia, wakabaki kamongo na mumi wanaoweza kuvuta hewa ya juu. Na tope lililokosa oksijeni huachilia fosforasi iliyokuwa imefungwa na madini ya chuma. Msijute kuling'oa, basi.

Kosa, kwa maoni yangu, liko kwenye lile rundo. Gugu bichi ni maji kwa takriban asilimia 95 ya uzito wake, lakini virutubisho vyote lilivyofyonza vimo katika hicho kidogo kinachosalia, na likiozea ukingoni mvua huvirudisha vyote ziwani. Lipelekeni mbali na ufuo, mahali ambapo maji yake hayateremki ziwani, mkalifanye mboji au mlipeleke kwenye mtambo wa gesi ya samadi kama upo. Kazi ni nzito, najua, lakini bila hivyo mmelihamisha gugu hatua chache tu.

Historia ya ghuba yenyewe inatufunza jambo hili. Mwaka 1997 Kenya iliachilia fukusi wanaokula gugu maji, na mwaka uliofuata, gugu lilipokuwa limefunika hekta zipatazo 17,000 za Winam, lilianza kuanguka kwa kasi. Lilizama likaozea papo hapo. Baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa 2006 lilirejea, kwa kuwa mbegu zake hudumu topeni miaka mingi na chakula hakikuwa kimepungua.

Jambo moja zaidi: mnaposafisha ufuo, msiyakate mafunjo. Hayo yamejikita katika udongo, hupunguza mwendo wa maji ya mvua na kulinasa tope kabla halijafika ziwani. Nimeona fuo zilizong'olewa kila jani ili zionekane safi, na sidhani kama wavuvi wake walipata faida yoyote.

SWALI: Je, maji hayo ya kijani yakichemshwa yanafaa kunywewa?
Mama wa watoto wawili, Homa Bay

JIBU: Hapana, mama. Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, lakini baadhi ya mwani hao hutengeneza sumu inayodhuru ini, nayo haiharibiwi na moto. Chembe za mwani zikipasuka kwa joto ndipo sumu inapomwagika majini zaidi. Maji yanapokuwa na utando wa kijani, tumia ya mvua, ya kisima kilicholindwa au ya bomba, usiwaogeshe watoto humo, na mifugo nayo inyweshwe kwingine hadi utando utakapoisha.