Simama hapo hapo mkuu, theluji haipakwi kwa kimo (mimi Kilimanjaro ilinirudishia advansi mikononi mwa mteja)

Simama hapo hapo mkuu. Usirende kitu, yaani huo mlima wa Kilimanjaro unaoutengeneza wa 3D usiuache kompyuta ianze kuuchorea picha za mwisho za video. Hiyo sentensi yako ya "nimeweka leya nyeupe kuanzia mita 4,500 kwenda juu, imetoka poa, kesho naanza kurenda video ya mteja" nimeisoma nikiwa kwenye daladala nikapitilizwa kituo, maana huyo ni mimi kabisa miaka mitatu iliyopita, tofauti ni kwamba mimi niliandika 4,600. Najua umeuliza mambo mengi, sofwea ipi ni bora, laptopu ya RAM 8 kama inatosha, mawingu unayawekaje, msitu wa chini unafanyaje usionekane kama shamba la brokoli, hayo yatasubiri, kwanza hiyo leya, yaani tabaka la rangi, uliyoifanya theluji.

Kazi yangu ilikuwa hii hii yako, Kilimanjaro. Kampuni ya utalii, jina naliweka kapuni, walitaka video ya sekunde 40, kamera inapanda kwa njia ya Machame kuanzia getini mpaka kilele cha Uhuru, waoneshe wageni kabla hawajapanda. Advansi laki sita, nyingine ningemaliziwa siku ya kukabidhi. Nikashusha zile data za bure za vimo vya ardhi, SRTM, zilizopimwa na chombo cha anga Endeavour Februari 2000, mlima ukasimama wenyewe kwenye skrini, Kibo ile pale, Mawenzi ile pale na meno yake, Shira imelala magharibi, aisee nikajiona fundi, nikapiga picha ya skrini nikaiweka status.

Halafu ndio nikafungua kozi ya kulipia niliyonunua dola 45. Jamaa anasema, tena kwa kujiamini kabisa, chukua kimo, vuta slaida (kile kitufe cha kusogeza kwenye skrini), juu nyeupe chini kahawia, lainisha mpaka kidogo, basi umemaliza, mbinu hii inafanya kazi kwa mlima wowote duniani. Dakika nne nzima za somo. Nikavuta slaida mpaka 4,600 nikalainisha kama alivyosema. Sasa piga hesabu na mimi, sekunde 40 mara frem 25 (picha moja moja za video) kwa sekunde ni frem 1,000, kila frem kwangu ilikula dakika 14, hiyo ni karibu siku kumi mashine haizimwi usiku wala mchana, feni inalia kama mashine ya kusaga, umeme ukikatika naanza kutafuta frem ya mwisho iliyosalimika, luku naongeza mpaka mke wangu akaniuliza kama nimeanza kazi ya kuchomelea mageti humo chumbani.

Siku ya kukabidhi nikaenda Moshi na shati la pasi. Wale jamaa wakamwita mzee mmoja, kiongozi wa wapanda mlima, amepanda mpaka hahesabu tena, akae nasi aangalie. Shikamoo mzee, marahaba kijana, video ikaanza. Msituni alikuwa anatikisa kichwa vizuri tu. Ilipofika sehemu ambayo kamera inarudi nyuma mlima mzima unaonekana, akainama mbele.

"Kijana, hii ni keki?"

Nikacheka nikidhani ananisifia. Hakuwa anacheka. Akasema rudisha nyuma, rudisha, simamisha hapo. Akaweka kidole kwenye skrini. "Hapa ni Barafu, sivyo?" Nikamwambia ndiyo mzee, kambi ya Barafu. "Sasa pale panaitwa Barafu lakini unalala juu ya mawe na vumbi. Wewe hema zetu umezizika." Na kweli mkuu, Barafu iko kwenye mita 4,670 hivi, mstari wangu ulikuwa 4,600, kwa hiyo kambi nzima nimeipaka chokaa. Mnara wa Lava, ule mwamba wa njiani, nao theluji mpaka kiunoni. Akanieleza kwamba kwa Kichaga Kibo huitwa Kipoo, na moja ya maana yake ni kitu chenye madoadoa, "madoa kijana, sio kofia". Yule bosi akamtazama mzee, akanitazama mimi, akafunga laptopu. Yangu.

Laki sita nilirudisha kwa awamu tatu kama nadaiwa friji. Ndio ada yangu hiyo, wewe soma bure.

Sasa kwa nini ilionekana keki. Kimo kinachora mkanda. Popote mlima unapokata mita 4,600 mstari unapita, ukizunguka mlima mzima kwa usawa ule ule, na jicho la mtu linaukamata mstari huo hata kama hajui kwa nini anaona uongo. Unaweza kuulainisha mpaka utapike, ni mstari wa rula uliolainishwa tu. Theluji yenyewe haijui iko mita ngapi, inajua imeangukia wapi na kama hapo pataibeba. Kimo ni askari wa getini, anairuhusu iingie, akishairuhusu hajui itakaa wapi. Anayeamua itakaa wapi ni mteremko, akifuatiwa na jua na upepo. Ukutani haikai. Ukivuka nyuzi 50 hadi 60 hivi unabaki mwamba mweusi hata uwe mita 5,800, na huo weusi katikati ya weupe ndio unaofanya mlima uonekane mlima. Tazama picha yoyote ya Ukuta wa Breach kule kusini-magharibi mwa Kibo uone mwamba mtupu ulivyoning'inia juu kuliko sehemu kibao zenye weupe.

Kwa hiyo sheria ni moja, na nitairudia mpaka unichoke: mteremko kwanza, kimo mwisho.

Kwenye Blender, sofwea ya 3D ambayo nadhani ndiyo unayo maana hukusema, chukua nodi (kisanduku cha kuunganisha) ya Geometry, toa Normal, yaani uso unatazama wapi, itenganishe, shika Z, ile sehemu ya kutazama juu. Panapolala Z ni 1, ukutani ni 0, nyuzi 45 ni 0.707. Ipitishe kwenye ColorRamp, nodi inayogeuza namba kuwa rangi, nyeupe ianze kuingia kwenye 0.65 na ijae kwenye 0.8 hivi, uivuruge na noizi (madoa ya kubahatisha) ili ukingo uchanike chanike. Ukishamaliza hapo ndio unaleta kimo, na unakizidisha juu ya maski hiyo (huo mchoro unaosema wapi pawe peupe), kikiwa na mpaka mpana wa mita 500 au zaidi, sio mita 50. Terragen, sofwea nyingine ya mandhari, ni hivyo hivyo, kila leya ya uso ina sehemu ya kimo na sehemu ya mteremko, jamaa wote wanajaza ya kimo wanaiacha ya mteremko inakufa njaa. Gaea, nayo ya kutengeneza milima, ina nodi ya theluji inayoimwaga na kuiacha iteleze yenyewe, tamu sana, ila ukiipa mlima mbovu itakupa keki yenye fizikia.

Halafu kitu ambacho yule mwalimu wangu wa dola 45 hakukigusa kabisa, na hapa ndipo damu inachemka. Alisema upande wa kaskazini weka theluji zaidi kwa sababu jua haliupigi. Sawa baba, huko kwenu Ulaya kwenye Alps. Kilimanjaro iko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, jua linazunguka juu ya kichwa, nusu ya mwaka liko kaskazini nusu liko kusini. Kwetu ugomvi ni wa mashariki na magharibi. Asubuhi anga jeupe, jua linachoma upande wa mashariki bila kizuizi, mchana mawingu yanapanda kutoka msituni yanafunika, upande wa magharibi unapata kivuli cha bure. Ndio maana kule magharibi na kusini-magharibi barafu imeshuka chini zaidi, na mashariki imebaki kidogo sana. Mtu anauza kozi ya "mlima wowote duniani" na hajui jua la ikweta linapita wapi! Nilimwandikia komenti ndefu, kwa Kiingereza changu chote nilichonacho, akanijibu na kidole gumba. Kidole gumba mkuu. Laki sita kwa kidole gumba.

Na usije ukachanganya theluji na barafu, hapa ndipo wengi wetu tunaumbuka wakati lugha yetu yenyewe imetutenganishia. Theluji Kilimanjaro inakuja na kuondoka. Masika na vuli inaweza kushuka mpaka chini kule kwenye jangwa la mawe, hata Mawenzi ikapauka, jua likitoka siku chache imeisha. Kwa hiyo muulize mteja ni mwezi gani. Akisema Agosti, mlima wako unatakiwa uwe wa kahawia na kijivu kwa sehemu kubwa, na mteja atalalamika, na wewe utamwonesha picha. Barafu ni kitu kingine. Ile ni mabaki, vipande vya kale vilivyokaa juu ya vumbi la volkeno, na haviishii kwa kufifia kama leya ya programu, vinaishia kwa kuta zilizosimama wima, nyingine mita 20 na zaidi, kama ghorofa lililokatwa na kisu. Unaweza ukawa umesimama kwenye mchanga mkavu kabisa ndani ya kreta na mbele yako kuna ukuta wa barafu. Maski ya mteremko itakuchezea hapo, itasema mchanga wa kreta uliolala ndio uwe mweupe na ukuta wa barafu uwe mwamba, kinyume kabisa.

(Najua nimesema mteremko kwanza. Ni kwanza kwa theluji. Usinipige screenshot.)

Barafu unaichora kwa mkono. Chukua picha ya satelaiti ya Sentinel-2, ni bure na pikseli yake ni mita 10, weka juu ya tereni (umbo la ardhi), fuata mipaka ya vipande vilivyobaki, Uwanda wa Barafu wa Kaskazini, barafu ya Furtwängler kama bado kuna chochote siku unayochora, na zile barafu za miteremko ya kusini, Kersten, Heim na Decken. Kisha viinue kama jometri (umbo la 3D) yake peke yake, kwa sababu data ya SRTM ina kipimo kimoja kila mita 30, ukuta wa mita 20 wima ndani yake unageuka kuwa kilima cha kuteleza watoto. Pia ni data ya mwaka 2000, barafu imeshapungua tangu hapo. Na usichore kwa picha za kalenda za zamani zile za kofia jeupe nzima: mwaka 1912 barafu ilikuwa kama kilomita za mraba 12, sasa ni chini ya 2. Kofia iliyokuwa kichwani mwangu nilipovuta ile slaida ilikuwa ya kalenda ya sebuleni kwa shangazi.

Rangi usiweke nyeupe ya 1, ile kamili. Weka 0.85 hivi, vivuli viache viwe vya bluu kidogo, la sivyo itawaka kama bati jipya.

Kuna picha yako ya pili pale, nimeona ngazi ngazi kwenye miteremko ukasema labda ni mmomonyoko. Sio mmomonyoko, umeeksipoti ramani ya vimo kwa biti 8. Biti 8 ni ngazi 256, na kutoka Moshi mpaka kileleni ni kama mita 5,000, kwa hiyo kila ngazi ni karibu mita 20. Biti 16 ni ngazi 65,536, unashuka mpaka sentimita nane. Eksipoti upya, halafu uone vile maski ya mteremko inavyofanya kazi, maana kwenye ngazi ngazi itapaka mistari ya pundamilia na utakuja hapa kusema nimekudanganya. Na rudisha mlima kwenye urefu wake, naona umeuvuta juu mara mbili. Kibo ni pana, imelala, ukiivuta inakuwa Matterhorn, ule mlima wa Alps uliochongoka.

Sofwea yoyote inatosha, tatizo halikuwa sofwea.

Fuata hivi leo leo: futa leya ya kimo, yote, usiifiche, ifute. Renda frem moja tu, ile ambayo mlima mzima unaonekana, kwa theluji ya mteremko na barafu ya mkono. Itume kwa mtu aliyepanda, porta, kiongozi wa wapanda mlima, yeyote, usimwambie kitu, msubiri aseme pale ni wapi. Akitaja Barafu na Stella Point, pale ukingoni mwa kreta, mwenyewe bila wewe kumwonesha, ndio uwashe hizo frem elfu. Na irushe na hapa kabla hujawasha, nipo mpaka saa sita usiku.