Maswali na majibu: Huduma za serikali mtandaoni hupimwaje?

Idara yetu imezindua mfumo wa kuomba leseni mtandaoni. Bosi anataka ripoti ya mafanikio ioneshe idadi ya waliotembelea tovuti. Inatosha?

Haitoshi. Mtu aliyeshindwa kupakia picha akarudi mara sita atahesabiwa kama matembezi sita, kwa hiyo mfumo mbovu unaweza kuonekana una wateja wengi kuliko ulio mzuri. Uingereza, kupitia kitengo cha Government Digital Service kilichoanzishwa 2011, ilizitaka huduma zake zitoe takwimu nne: gharama ya kila muamala, kuridhika kwa watumiaji, asilimia ya wanaoanza na kumaliza, na sehemu ya miamala inayofanyika kidijitali badala ya kaunta, simu au posta.

Mimi ningeanza na wanaoanza na kumaliza. Hesabu waliofika kila ukurasa wa fomu. Tuseme 1,000 wamefika ukurasa wa tatu na 400 tu ndio wameingia wa nne. Fungua huo wa tatu uujaze mwenyewe, kwa simu, si kwa kompyuta ya ofisini. Pengine unadai namba ya hati ambayo mwombaji hana karibu, au unakataa picha "kubwa mno" bila kutaja ukubwa unaokubalika. Halafu kuna yule aliyebonyeza "tuma" vizuri kabisa, kisha akapigiwa simu alete nakala za karatasi. Kwenye mfumo amekwisha kuhudumiwa! Mtafiti makini humfuata mpaka leseni iwe mkononi mwake.

Nchi ikipanda kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya serikali mtandao, huduma zake zimeboreka?

Si lazima. Fahirisi hiyo, EGDI, hupima nchi 193 kila baada ya miaka miwili. Mwaka 2024 Denmark iliongoza, ikifuatiwa na Estonia na Singapore. Fahirisi ina sehemu tatu zenye uzito sawa: huduma za mtandaoni, miundombinu ya mawasiliano na rasilimali watu. Nchi inaweza kupanda kwa sababu watu wengi zaidi wamejiunga na intaneti ya simu, huku tovuti zikiwa zilezile. Inafaa kulinganisha nchi na nchi. Kuhusu leseni zenu haikwambii kitu.

Nasoma shahada ya uzamili. Nikitumia modeli ya DeLone na McLean na hojaji ya mtandaoni, nitakuwa salama?

Modeli hiyo ya kupima mafanikio ya mifumo ya taarifa haina tatizo. Ni ya 1992, ikaboreshwa 2003, na inakutaka utazame ubora wa mfumo, wa taarifa na wa huduma, matumizi, kuridhika na manufaa. Shida ni hojaji: ukiiweka kwenye ukurasa wa "asante, ombi limepokelewa", umewauliza waliofaulu peke yao. Watafute waliokwama.

Ukiongeza SUS, dodoso la sentensi kumi la kupima urahisi wa kutumia mfumo, lililobuniwa na John Brooke, kumbuka alama zake za 0 hadi 100 si asilimia. Wastani uliozoeleka ni kama 68, hivyo 60 si ya kujivunia. Pia kaa pembeni ya watumiaji wachache, wape kazi moja ya kukamilisha, unyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu.

Na wasioona, au wasiojua kutumia mfumo wenyewe?

Kwa wenye ulemavu kuna WCAG, mwongozo wa kufanya tovuti zitumike na wote, wa W3C, shirika la viwango vya wavuti. Toleo la 2.2 lilitoka Oktoba 2023. Programu za ukaguzi hunasa sehemu tu ya kasoro: zitaona picha ina maelezo, hazitajua kwamba maelezo yenyewe ni "picha1". Wapeni mfumo watumiaji wasioona wenyewe waujaribu.

Wasiojua huenda kwa wakala. Kwenye kumbukumbu za mfumo utawakuta: kifaa kimoja, maombi mia. Malipo ya wakala hayamo kwenye hesabu ya gharama ya muamala, ingawa mwananchi ameyatoa mfukoni.

Ni kweli miradi mingi ya aina hii hufeli?

Mwaka 2003 mtafiti Richard Heeks alikadiria kwamba katika nchi zinazoendelea 35% hufeli kabisa, 50% hufeli kwa sehemu na 15% hufanikiwa. Ni makadirio, tena ya zamani. Usiyanukuu kama takwimu za leo. Kinachofaa kuchukua kwake ni kigezo: mradi ulitimiza malengo yake makuu? Ili ujue, tafuta waraka wa malengo uliosainiwa kabla ya uzinduzi. Ripoti ya mwisho huenda imeyarekebisha malengo yalingane na kilichopatikana.