Samaki wanahema juu ya maji: hiyo ni amonia

Pole sana, ndugu yangu. Umesema tangi lako la lita 60 lina siku nane tu, samaki wa dhahabu wawili wamekufa, na waliobaki wanahema juu ingawa maji yanaonekana safi. Usafi huo unadanganya. Amonia ni sumu isiyoonekana kwa macho. Inatoka kwa samaki wenyewe na kwenye chakula kinachooza. Bakteria wa kuigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitrati isiyo na ukali huo, bado hawajakaa tangini. Huchukua kama wiki 4 hadi 6.

Leo hii toa theluthi ya maji, ujaze ya bomba yaliyolala siku nzima kwenye ndoo wazi ili klorini itoke. Rudia kila siku. Chakula, punje chache tu, mara moja kila siku mbili.

Na tafadhali, sponji ya filta usiioshe bombani, klorini itaua bakteria. Ikamue kwenye maji uliyoyatoa tangini. Ukimpata mwenye tangi la siku nyingi na samaki wazima, muombe kipande cha sponji yake chafu, ile ya kahawia yenye utelezi, maana imejaa bakteria hao, ukiweke kwenye filta yako. Mimi ndiyo iliyoniokolea samaki. Usiongeze samaki mpaka kipimo cha maji kionyeshe amonia 0 na nitriti 0.