Kinanda cha kukanyaga kiko stoo, tukitupe?

SWALI: Shikamoo mzee wa safu. Naimba kwaya kigango kimoja huku Lindi vijijini, stoo ya kanisa kuna kinanda cha kukanyaga kwa miguu, wazee wanasema kilikuja Nyangao na wamisionari wa kwanza kabla ya Majimaji, baadae ndo tukapewa sisi. Ukikanyaga kinahema tu, sauti hakuna. Kamati inataka kitolewe maana kibodi ya umeme tunayo. Ni kweli ni cha zamani hivyo?

JIBU: Marahaba mwanangu, msikitoe! Ila hiyo ya kabla ya Majimaji mimi naona ngumu. Wamonaki wa Kibenediktini walifungua misheni Lukuledi 1895 na Nyangao 1896, halafu Agosti 1905 wapiganaji wa Majimaji wakazichoma zote mbili, Sista Walburga akapoteza maisha wakati wanakimbia Nyangao, na mtu anayeokoa roho yake porini habebi kinanda mgongoni. Misheni yao ya Ndanda yenyewe ilianza 1906, kwahiyo chenu nahisi kililetwa baada ya hapo, na bado ni cha zamani sana. Muombeni paroko awaangalizie vitabu vya misheni, wale wamonaki walikuwa wanaandika matukio yao kwa Kijerumani, vifaa vilivyoletwa huenda vimetajwa humo. Na mfunue kifuniko mmulike ndani na tochi, jina la fundi au mji mara nyingi liko juu ya vitufe au limeandikwa kwa penseli kwenye mbao.

Sasa huko kuhema. Humo ndani sauti inatoka kwenye vijilimi vyembamba vya shaba, kila noti na chake, kirefu kinatoa sauti nzito kifupi nyembamba, na upepo unatoka kwenye mivukuto unayoikanyaga. Kikihema noti zote kimya, kwanza shuku mivukuto, panya wametafuna ngozi au kitambaa kimechanika, hiyo fundi viti mzuri anaweza kubandika kipya akionyeshwa. Noti moja moja ikikataa ni vumbi au kidudu kimebana kijilimi, kitoe taratibu ukisugue kwa brashi laini, usikwangue kabisa maana ukipunguza shaba kidogo tu noti inabadilika, na mafuta usiweke.

Kikipona, siku umeme ukikatika katikati ya misa mnaendelea kuimba. Ila kiinueni sakafuni leo hii, mchwa wa huku hawasubiri kamati ikae.