Usiifute hiyo filamu

Mdogo wangu, unasema mwalimu wako hapo Malindi kaikataa filamu ya U-571 ati ni uongo mtupu na sasa wataka kubadilisha mada ya tasnifu. Usibadilishe! Kweli hiyo filamu ya 2000 inaonyesha Wamarekani ndio waliochukua Enigma, mashine ya kuficha ujumbe wa siri, kwenye nyambizi ya Wajerumani, wakati ni mabaharia Waingereza wa meli ya HMS Bulldog walioiteka nyambizi U-110 Mei 1941, Marekani hata vitani haijaingia, lakini hapo ndipo wasomi wanapobishana: wengine wanahesabu makosa tu, wengine wanauliza kosa limemfaa nani. Shika hilo la pili, ndilo lenye nyama.

Halafu tafuta wasioonekana kabisa. Mimi filamu ya Dunkirk ya 2017, ile ya wanajeshi wa Uingereza kuokolewa pwani ya Ufaransa, niliiangalia hapa Lamu barazani kwa laptopu ya binamu, nikawa naisimamisha kila saa nikiwatafuta wale wanajeshi wa Kihindi wa vikosi vya nyumbu wa kubeba mizigo waliokuwa pale 1940, wapi, nikaumia sana maana nilikumbuka na wapagazi wetu wa vita vya kwanza, wale wa Carrier Corps waliotuachia jina Kariakoo, filamu yao iko wapi? Sura ya tatu iwe hiyo, na anza kuiandika wiki hii.