Kwani Lazima Niuze? Maswali Yenu ya Keki, Uzi na Vipande vya Kitenge

Wasomaji wangu, mwezi huu meseji zimekuja nyingi sana juu ya vitu tunavyotengeneza wenyewe nyumbani, na enyewe nimefurahi, juu wengi wenu mnataka tu kujua kitu kinafanywaje kikatoka poa. Nimechukua nne. Hilo swali la pili nimelijibu kwa urefu kwa sababu naona linawasumbua wengi hapa Nairobi na watu hawalisemi.

*Anti, habari ya siku nyingi. Mimi ni wa Mombasa, nimeolewa huku Nairobi. Kwetu keki yangu ilikuwa inasifiwa mtaa mzima. Tangu nihamie Donholm kipimo ni kile kile, unga ni ule ule, lakini keki inapanda vizuri alafu inabonyea katikati. Mawifi zangu washaanza kusema sijui kupika. Nifanye nini? — Mpwani, Donholm*

Pole mwanangu, na mawifi watulie kwanza, mkono wako hauna shida yoyote. Mombasa iko usawa wa bahari, Nairobi iko karibu mita 1,800 juu, na huku juu hewa haikandamizi sana kama pwani. Sasa ile gesi ya beking pauda inapanuka haraka na kwa nguvu, keki inapanda mbio kabla unga na mayai hayajashikana, alafu inakosa kitu cha kuishikilia inaanguka. Hata maji hapa yanachemka yakifika nyuzi 94 hivi, si 100, ndio maana pia maharagwe yanakupotezea makaa kuliko kwenu.

Fanya hivi. Beking pauda punguza robo, yaani kama ulikuwa unatia vijiko viwili vya chai tia kimoja na nusu. Sukari toa kijiko kikubwa kimoja kwa kila kikombe, juu sukari nyingi inalegeza keki. Maziwa ongeza vijiko vikubwa viwili, kwa sababu huku unyevu unakauka haraka. Na moto pandisha kidogo, kama ulikuwa unaokea 180 weka 190, ili keki ishike mapema kabla haijapanda kupita kiasi, lakini anza kuiangalia dakika chache kabla ya ule muda uliozoea. Usibadilishe vyote siku moja. Anza na beking pauda, andika kwa daftari, wikendi ijayo gusa kingine, ndio utajua ni gani hasa imekusaidia.

Pia angalia paketi ya unga. Ikiwa imeandikwa self-raising, beking pauda iko ndani tayari, ukiongeza yako juu ya hiyo lazima keki ianguke, hata ukiwa na mkono wa dhahabu. Na kama unaokea kwa sufuria na jiko la makaa, weka mchanga chini, makaa mengi yakae juu ya kifuniko na machache chini, alafu usifunue kuchungulia mpaka harufu ya keki ijae nyumba. Ukidunga kijiti katikati kikitoka kikavu, epua.

*Sasa anti. Nafanya kazi ya ofisi Upper Hill, na kila Jumamosi naoka. Kitu napenda zaidi ni kupamba, kufanya maua ya krimu, kuchanganya rangi mpaka nipate ile nataka. Shida ni kila mtu akionja ananiambia "wewe umekalia pesa, uza!" Dada yangu ashanifungulia ukurasa wa Instagram bila kuniuliza na ameweka bei. Nikisema sitaki naonekana mvivu ama najiringa, na maisha ya Nairobi unayajua. Kwani lazima niuze? — Wa Jumamosi, Umoja*

Hapana. Si lazima, na nataka ulisome hilo mara mbili kabla hujaendelea.

Najua linatoka wapi. Hii mji kodi inapanda, nauli inapanda, kila mtu ana kazi na kakazi kando, kwa hivyo tukiona mtu ana kipaji akili inakimbia moja kwa moja kwa M-Pesa. Wanaokuambia uuze wengi wanakupenda, ni vile hawana njia nyingine ya kukuambia keki yako ni tamu. Wewe sikia hiyo sifa, sema asante, alafu hiyo ya biashara iache mezani pale pale.

Juu hebu tuangalie kitu chenyewe. Sai Jumamosi unaamka, unaamua leo nataka rangi ya zambarau iliyokolea kama maua ya jakaranda yakimwagika barabarani mwezi wa kumi, unachanganya nyekundu na buluu tone moja moja, inakuwa nyeusi sana, unaongeza krimu nyeupe, unajaribu tena. Saa mbili zimeenda kwa rangi peke yake na hakuna mtu anakuuliza kitu. Ukianza kuuza, mteja anataka pinki, anataka jina la mtoto, anataka kesho saa nne asubuhi, na anataka punguzo kwa sababu mlisoma na binamu yake. Hiyo zambarau hutaigusa tena mwaka mzima. Biashara ya keki ni kazi nzuri na wanaoifanya nawaheshimu sana, lakini ni kazi, na wewe kazi unayo Jumatatu mpaka Ijumaa. Ukichukua hii Jumamosi pia, utapumzikia wapi?

Alafu watu hawakuambii mengine. Ukiuza chakula kwa watu unafaa uwe na kibali cha biashara cha kaunti na cheti cha afya cha wanaoshika chakula. Ukipiga hesabu lazima uhesabu gesi, stima, masanduku, boda ya kupeleka, na masaa yako mwenyewe, na hayo masaa ndio watu husahau kabisa, wanahesabu unga, mayai na siagi alafu wanasema wamepata faida. Hiyo si faida, umejifanyisha kazi ya bure.

Na dada yako, mwite mkae chini kwa upole, mwambie asante kwa kuniamini lakini huu ukurasa naomba uufunge. Usimtumie meseji, hii ni maneno ya uso kwa uso, na mkatie kipande mkiongea. Wale wengine wakisema uza, wajibu tu "hii ni ya nyumbani, karibu ule." Mtu akikuomba keki ya harusi na unajisikia, mfanyie kama zawadi ukipenda, lakini ukishapokea pesa ya mmoja wa pili hatakuelewa ukikataa, kwa hivyo amua mapema.

Kama siku moja wewe mwenyewe utaamka ukitaka kuuza, ukiwa umetaka kutoka moyoni, niandikie tena tupange bei pamoja. Lakini usianze juu umeaibishwa. Kupenda kitu bila kukitoza watu si uvivu, na hakuna mtu unayemuibia.

*Mkubwa habari, mimi ni wa boda, Kayole. Nimejifunza kroshia kwa YouTube na nafuma nikiwa steji nikingoja wateja, inanituliza kichwa sana. Wenzangu wananicheka eti nimekuwa nyanya yao. Pili, kitambaa changu kinaanza kipana alafu kadiri ninavyoenda juu kinakuwa chembamba kama pembe tatu. — Mtu wa Steji*

Ndugu yangu, endelea kufuma. Wakikucheka waulize ni nani anawashonea suti za harusi, maana ukienda kwa mafundi wa nguo hii mji utakuta wanaume wameinamia cherehani na hakuna anayecheka. Na wale wa spoti waambie kuhusu Tom Daley, mpiga mbizi wa Uingereza aliyeshinda dhahabu Olimpiki ya Tokyo mwaka wa 2021, alionekana amekaa jukwaani anafuma akiangalia wenzake wakishindana, na akaifumia ile medali yake kamfuko isikwaruzwe. Mtu anaruka kutoka mita 10 juu ya maji alafu anakuja kutuliza roho na uzi, kama wewe tu vile unatoka kwa msongamano wa Jogoo Road.

Hiyo pembe tatu inatokea kwa sababu unaruka tundu moja mwanzo ama mwisho wa kila mstari bila kujua. Lile la mwisho hujificha, linalala pembeni kabisa, macho yanaliruka. Chukua pini mbili, funga moja kwa tundu la kwanza na nyingine kwa la mwisho, kila ukimaliza mstari zihamishe juu. Ukianza na matundu 20 kila mstari uwe na 20, hesabu hata kama mteja anakuita, mwambie dakika moja. Na kama unatumia uzi mweusi ndio maana huoni vizuri, jifunzie na rangi ya mwangaza kama krimu ama manjano, uzi mnene kiasi, sindano ya milimita 5. Nyeusi utarudia mkono ukishazoea.

*Anti, fundi wangu hapa Kenyatta Market hunipea vipande vya kitenge vinavyobaki. Nina gunia nzima. Nataka kushona foronya za mito ya sebuleni, nianzie wapi? — Mama Vipande, Golf Course*

Una mali hapo, mama. Kwanza chambua, zile za pamba weka kando na zile zinazovutika ama zinazong'aa weka kando, usizichanganye kwa mto mmoja, zinanyooka tofauti na mshono utakunjamana. Osha zote kwanza, nyekundu na buluu iliyokolea peke yake, juu kitenge kipya hutoa rangi na hutaki imwagike kwa nyeupe baada ya wewe kumaliza kushona.

Kwa mto wa inchi 18 kata miraba 16 ya inchi 5 kwa 5, nne kwenda hivi na nne kwenda vile. Shona ukiacha robo inchi kila upande, kila mraba utabaki inchi 4 na nusu, na nne za hizo zinafika 18 kamili. Kabla hujashona zitandaze zote sakafuni, simama, ziangalie kwa mbali, hamisha hii weka ile. Usiharakishe hapo, hapo ndio utamu wote ulipo. Kama maua makubwa yamejaa sana weka miraba michache ya rangi moja isiyo na maua katikati, macho yapate mahali pa kupumzika.

Shona mistari minne kwanza, piga pasi mishono ya mstari wa kwanza ilale kushoto, wa pili kulia, hivyo hivyo mpaka mwisho, ndio ukiiunganisha mishono inaingiana bila kufanya kinundu. Nyuma weka kitambaa kimoja kizima, zipu utapata Biashara Street, na ile foronya ya kwanza usimpe mgeni, iweke kwa kiti unachokaliaga wewe.