Mama mkwe aliita bajaji, kumbe ni bitiruti

Mmeuliza wiki hii: "Je, bitiruti inaongeza damu?" Swali hilo nililiuliza mwenyewe nikiwa na mimba ya miezi mitano.

Kliniki walinipima wakakuta damu ni 9, yaani pungufu, wakanipa vidonge vya madini ya chuma. Niliporudi nyumbani Mwanga, hapa Kigoma, jirani akanicheka: vidonge vya nini na bitiruti ziko sokoni? Nikaanza kusaga, glasi nzima kila asubuhi. Vidonge nikaviacha kabatini, maana vilinitia kichefuchefu.

Siku ya tatu naenda msalani, mkojo rangi ya rozela! Nikapiga ukelele. Mama mkwe akajua mimba inatoka, bajaji ikaitwa. Muuguzi aliniuliza swali moja tu: "Jana umekula nini, mama?"

Kumbe rangi ile, betanini, hutokea kwenye mkojo wa watu 10 hadi 14 hivi katika kila 100, na huwapata zaidi wenye upungufu wa madini ya chuma. Mkojo wangu ulikuwa unanisema.

Muuguzi hakunikataza bitiruti. Ina folati, na mwili huihitaji kutengeneza chembe nyekundu za damu, kwa hiyo jirani hakunidanganya moja kwa moja. Tatizo ni chuma: gramu 100 zina kama miligramu 0.8 tu, wakati mjamzito anahitaji 27 kwa siku. Pigeni hesabu, ni zaidi ya kilo tatu kila siku! Tena chuma cha kwenye mimea mwili hukipokea kwa shida. Na mimi naishi jirani na mwalo wa Kibirizi, dagaa wenye chuma kinachopokelewa vizuri wanaanikwa mbele ya macho yangu.

Nikarudia vidonge, nikavimeza usiku kwa maji ya limau, chai mbali, kwani chai huzuia chuma. Mchana dagaa na matembele ya mawese.

Glasi akairithi mama mkwe, mwenye presha. Huko bitiruti ina kazi kweli: bakteria wa mdomoni hugeuza naitreti, kemikali za asili zilizomo ndani yake, mwili ukapata naitriki oksaidi ya kulegeza mishipa. Presha hushuka kidogo tu, kwa hiyo dawa zake hajaacha. Dawa ya kusukutua mdomo ndiyo tumemnyima, inawaua bakteria hao hao. (Mwenye historia ya mawe ya figo asiige, oksaleti, zinazojenga mawe hayo, ni nyingi.)

Ana lalamiko moja: mkojo wake haujawahi kuwa mwekundu, anadhani namnunulia bitiruti feki.